Ukipata kristali Chunya usiing'oe kwanza: jinsi ya kuitoa, kuibeba na kuiandika

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilitoka Makongolosi na jiwe moja ambalo mpaka leo nikilikumbuka roho inauma, lilikuwa na kitundu ukubwa wa kiganja na ndani yake vimejaa visindano vyeupe vyembamba kuliko nywele, vimesimama kama mvi za mzee aliyeshtuka. Mimi nikalizungushia gazeti, nikaliweka kwenye begi, begi mapajani, nikapanda Coaster, njia nzima nimelikumbatia kama mtoto mchanga. Kufika Mwanjelwa nafungua, gazeti limejaa unga mweupe na jiwe lina kipara. Na kuvunjika kwenyewe ningesamehe, ila sikupiga picha, sikuandika limetoka duara lipi (duara ni shimo la kuchimbia dhahabu), sikuangalia limekaa na madini gani mengine, kwa hiyo mtu akiniuliza yalikuwa madini gani sina cha kumjibu, nina stori tu.

Tangu hapo nimejifunza polepole, mengine kwa kuharibu, mengine kwa wazee wa mgodini, na haya ndo ninayofanya sasa hivi. Shuleni wanasema fuwele, mgodini utasikia kristali, mimi nachanganya yote usishangae.

Hatua ya 1: Ruhusa kabla ya nyundo

Chunya na eneo lote la Lupa watu wanachimba dhahabu tangu miaka ya 1920, kwa hiyo usidhani utakuta kilima kisicho na mwenyewe. Karibu kila duara lina leseni, na kifusi pembeni yake nacho kina mwenyewe hata kama kinaonekana kimetupwa. Nenda, salimia, subiri wamalize kazi, eleza unachotaka. Mara ya kwanza nilimwambia mzee mmoja, "Shikamoo mzee, naomba nipitie kifusi chenu, natafuta vile vijiwe vyenye ncha vinavyong'aa." Akacheka sana. "Marahaba. Hivyo mbona tunakanyaga kila siku mwanangu, chukua tu, ila ukiona ya njano hiyo ya kwetu." Makubaliano yakawa hayo na sijawahi kuyavunja.

Omba akuandikie hata kikaratasi na namba ya leseni yake, maana kwa macho ya askari barabarani jiwe la kwatzi (lile gumu linalong'aa kama kioo) linalotoka Chunya ni jiwe la dhahabu mpaka uthibitishe vinginevyo, na kusafirisha madini bila vibali ni kosa kweli. Kama unataka kubeba mengi, au kuuza, au kumtumia mtu nje ya nchi, pita kwanza kwa Afisa Madini Mkazi akuelekeze, usifanye kienyeji. Na Kimondo cha Mbozi jamani tukiache, najua kuna watu wanakitamani wapate kipande, lile ni dude la chuma na nikeli la tani 12 hivi na ni urithi wa nchi, nenda kapige picha inatosha.

Usiingie kwenye duara la zamani. Nasema mara moja tu. Matimba ya kushikilia kuta yameoza, hewa chini haipo, na masika udongo unaachia bila hodi. Kifusi cha juu kina vitu vya kutosha, hasa siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, vumbi limeshaoshwa na jua la asubuhi likipiga kwa ubavu utaona vinameta ukiwa umesimama mbali. Kaa mbali pia na pale wanapochomea dhahabu kwa zebaki, ule moshi wake ni sumu.

Hatua ya 2: Vifaa

Nyundo ya wastani, tindo mbili, moja nyembamba moja nene, miwani ya kukinga macho (kipande cha kwatzi kikiruka ni wembe), glavu, lenzi ya kukuza mara 10, vijiti vya mwanzi ulivyovichonga mwenyewe, brashi laini ya rangi, tishu roli tatu, trei za mayai, mifuko ya plastiki, makapeni, daftari. Trei za mayai sokoni wanakupa karibu bure. Na kile kipira cha kunyonya kamasi za mtoto, nunua kipya famasi, nitakwambia kazi yake mbele.

Hatua ya 3: Kulitoa jiwe

Hapa ndo watu wengi tunaua. Unaona tundu mwambani, ndani kuna kristali tano nzuri zimesimama, mkono unawasha, unashika moja unaivuta. Inakatika shingoni, unabaki na kijiti kisicho na kitako na mwambani kumebaki shina. Kristali iliyokaa kwenye jiwe lake ina thamani kuliko iliyong'olewa, kwa anayenunua na hata kwa anayesoma, maana lile jiwe la chini ndo linakwambia imeotaje na imeota na nani.

Fanya hivi. Kabla hujagusa kitu piga picha tatu, moja ya mbali inayoonyesha duara au ukuta mzima, moja ya kati, moja ya karibu ukiweka rula pembeni. Washa lokesheni kwenye simu. Halafu jaza lile tundu kwa tishu iliyoloweshwa maji kidogo, isindilie taratibu sana mpaka kristali zisiwe na nafasi ya kutikisika (kama ni visindano vya nywele usijaze kitu kabisa, funika mdomo wa tundu tu kwa karatasi ngumu uliyoibana na plasta). Sasa tafuta ufa wa asili kwenye mwamba, karibu kila mwamba unao, na anza kugonga tindo shubiri moja au zaidi kutoka kwenye tundu, ukizunguka, vipigo vidogo vingi. Kipigo kimoja kikubwa kinasafirisha mtikisiko mpaka kwenye ncha na ncha ndo inaondoka ya kwanza. Ukiona ufa unaelekea kwenye kristali, acha, hamia upande wa pili. Mimi nimeshatumia saa nne kwa jiwe la ukubwa wa mkate na nikaliacha palepale kwa sababu halikutaka, nikaenda zangu.

Kama tundu limejaa tope, hilo tope ni mali. Kristali zilizokatika zenyewe zamani huwa zimelala humo ndani, nyingine zimekatika na kuendelea kuota tena pale palipovunjika. Usichokonoe kwa bisibisi, chuma kinachora kalisaiti (madini laini ya chokaa) vibaya sana, tumia kijiti cha mwanzi, na tope lote litie kwenye mfuko mmoja ulioandikwa namba ya tundu. Vipande vyote vya tundu moja vikae pamoja hata vile vibovu. Nimeshawahi kukaa nyumbani jioni nzima najaribisha ncha kwenye mashina mpaka tatu zikaingia mahali pake kabisa.

Hatua ya 4: Kubeba

Kwatzi nene, pairaiti (ile inayong'aa mpaka watu wanadhani ni dhahabu), ganeti, hizi zinavumilia. Chana tishu ndefu, isokote kama kitambaa cha kubebea ndoo kichwani, izungushe kwenye kiuno cha kristali ili mzigo ukae kitakoni na pembeni, ncha yenyewe isibanwe na kitu. Kisha tishu juu, kisha kwenye tundu la trei ya mayai, trei nyingine juu yake, funga kamba.

Visindano ni habari nyingine kabisa. Pamba ni adui mkubwa kuliko nyundo, nyuzi zake zinanasa kwenye vichwa na ukivuta zinaondoka navyo, na gazeti unajua lilinifanya nini. Kitu pekee kinachofanya kazi ni kuhakikisha hakuna chochote kinachogusa sindano: shika jiwe kwa chini tu. Chukua kopo au boksi gumu lililo pana kuliko jiwe, toboa matundu manne chini, pitisha waya laini au uzi mnene juu ya mabega ya jiwe, pale pasipo na fuwele, funga kwa nje mpaka jiwe lisicheze hata ukitikisa. Funika. Halafu boksi hilo liingie kwenye ndoo kubwa yenye maranda au magazeti yaliyokunjwakunjwa, unene wa vidole vinne kila upande, hii ya nje ndo inameza mashimo ya barabara. Bodaboda hapana. Kama huna jinsi ya kulibeba hivyo, liache, rudi siku nyingine na ndoo.

Kitu kimoja wageni hawakijui: joto. Chunya mchana kunaunguza, ukifika Mbeya jioni ya mwezi wa sita baridi inakata masikio, na kalisaiti na floraiti hazipendi mabadiliko ya ghafla, zinapasuka kwa ndani unaona zimeingia ukungu wa nyufa. Ukifika nyumbani usifungue haraka, acha ndoo ndani ikae mpaka kesho yake. Na usithubutu kuchukua jiwe lililokaa juani ukalitumbukiza kwenye maji ya bomba ya Mbeya, maji yale unayajua.

Hatua ya 5: Andika kabla hujaosha

Wengi wanaosha kwanza. Kosa, maana uchafu wenyewe ni taarifa, kutu ya kahawia inakwambia kulikuwa na chuma, unga wa kijani unaweza kuwa malakaiti inayokwambia kuna shaba. Toa jiwe, lipe namba, andika namba hiyo daftarini, piga picha jinsi lilivyo na tope lake. Namba yangu ni herufi mbili za mkoa na tarakimu, MB-001 na kuendelea. Baadaye likishakauka naweka doa dogo la rangi nyeupe chini mahali pasipoonekana, naandika namba juu yake kwa kalamu nyembamba, maana lebo za karatasi zinatembea, mtoto akichezea mara moja tu kalisaiti ya Songwe inageuka ya Ludewa.

Mahali ndo kitu cha kwanza na usiandike "Mbeya" tu. Duara, kijiji, wilaya, mkoa, tarehe, nani aliokota, na kama ulinunua andika ulinunua na muuzaji alisema inatoka wapi, maneno "alisema" yaache yakae. Madini unaweza kuyapima tena miaka 50 ijayo, mahali ukishapasahau hakuna maabara itakayokurudishia.

Hatua ya 6: Kusafisha, kama ni lazima

Anza na kukavu. Kile kipira cha mtoto sasa, puliza vumbi kwa mbali, polepole. Kwa visindano unaishia hapo hapo, usiguse brashi wala maji.

Kwa vingine jaribu tone la maji kwenye kona iliyovunjika, subiri, angalia kwa lenzi. Chumvi inayeyuka yote. Jasi, kama ile inayotoka upande wa Itigi, inayeyuka kidogo kidogo, gramu mbili na ushee kwa lita moja ya maji, unaweza kudhani haijawa kitu lakini ule mng'ao wa uso unaondoka na haurudi. Kwatzi iogeshe utakavyo, na watu wa Tukuyu mna bahati, maji ya mvua ni mazuri kuliko ya visima yanayoacha madoa ya chokaa.

Limao. Nani alianzisha hii habari ya kusugua mawe kwa limao sijui, kwa kalisaiti na kabonati zote, yaani madini ya jamii yake, limao na siki ni asidi tu, zinakula uso mpaka fuwele inakuwa kama pipi iliyonyonywa. Kutu kwenye kwatzi watu wanaitoa kwa asidi ya oksaliki, inafanya kazi kweli, lakini ni sumu na kama humo ndani kuna kalisaiti kidogo unaiua, mimi nimeacha, nina kwatzi zangu za kahawia na nazipenda hivyohivyo.

Kukausha ni kivulini. Amethisti, floraiti na kwatzi ya moshi jua likizipiga kwa muda mrefu zinaweza kupauka.

Hatua ya 7: Kulieleza jiwe

Unakaa na jiwe, lenzi, taa ya upande mmoja, na unaandika unachokiona kabla ya kuandika jina. Ukianza na jina macho yanatafuta ushahidi wa jina, nimefanya hivyo mara nyingi sana.

Umbo na pande kwanza. Mwaka 1669 Mdenmaki Nicolaus Steno aliona kwamba kristali za kwatzi ziwe fupi, ndefu, au zimekaa upande, pembe kati ya nyuso zilezile haibadiliki. Hii unaweza kuitumia mezani: chukua kipimapembe kwenye mkebe wa shule wa mtoto, kata vipande viwili vya kadi ngumu uviunge kwa pini kama mkasi, kumbatia kona, pima. Kwatzi pande zake za kusimama zinakupa 120. Kalisaiti iliyopasuka inakupa karibu 105 na 75, yaani boksi lililolala upande.

Kisha michirizi, ipige mwanga wa ubavu. Kwatzi ina michirizi ya kukata, inayopita kulala kwenye pande zilizosimama. Tomalini michirizi inapanda kwa urefu, na ukiiangalia kichwani ina kama pembe tatu zilizovimba. Pairaiti ni mchemraba wenye michirizi ambayo uso mmoja ukienda hivi wa jirani unaenda vile. Kwa kitu hiki kimoja tu nimewasaidia vijana wawili watatu waliodhani wameukata, dhahabu haioti mchemraba wa michirizi, na dhahabu ukiigonga inalala, pairaiti inapasuka.

Mng'ao: kama kioo, kama chuma, kama lulu, kama hariri, kama nta. Uwazi: unaona herufi za gazeti upande wa pili au mwanga tu unapita? Kalisaiti safi ikiwekwa juu ya herufi moja unaona mbili, hiyo ni raha hata kwa watoto. Rangi iandike mwisho, rangi inadanganya kuliko yote, kwatzi peke yake inakuja nyeupe, zambarau, njano, ya moshi, ya waridi.

Ugumu unapimwa kwenye kipande kilichovunjika, usichore uso mzuri jamani nakuomba. Kipimo ni kile cha Mohs cha 1812, mwenye namba kubwa anamchora mwenye ndogo: talki 1, jasi 2, kalisaiti 3, floraiti 4, apataiti 5, feldispa 6, kwatzi 7, topazi 8, yakuti 9, almasi 10. Kucha ni 2 na nusu, waya wa shaba kama 3, kioo cha dirisha 5 na nusu. Kuona rangi ya unga wake, sugua jiwe nyuma ya kigae cha bafuni, ule upande usiong'aa: pairaiti inaacha weusi wa kijani, hematiti wekundu wa kahawia hata kama yenyewe ni nyeusi, magnetiti, ile ya Liganga kule Ludewa, weusi mtupu na sumaku inaivuta. Tone la siki kwenye unga, likitoa povu fikiria kalisaiti. Mawe mazuri ya kujaribia hayo ni yale ya chokaa yaliyotandikwa na chemchemi za moto za Songwe.

Uzito kwa ujazo ni kipimo ninachokiamini sana na kinahitaji mzani wa jikoni tu. Pima jiwe, tuseme gramu 132. Weka kikombe cha maji kwenye mzani, rudisha sifuri, ning'iniza jiwe kwa uzi lizame bila kugusa chini wala pembeni, mzani usome gramu 50. Gawa 132 kwa 50, unapata 2.64, na kwatzi ni 2.65. Baraiti ni 4.5, pairaiti 5, galena 7 na nusu (galena ni risasi, nawa mikono kabla ya kula). Bila shaka hupimi hivi jasi, chumvi wala visindano.

Malizia na wenzake waliokaa nao na majeraha. Ncha iliyovunjika iandike. Kama umegundisha andika umegundisha na gundi gani, usimfiche mtu. Mfano toka daftari langu:

"MB-017. Kwatzi na pairaiti. Kifusi, Makongolosi, Chunya, Mbeya. Nimeokota mwenyewe 14 Agosti 2023, ruhusa ya mwenye leseni. Jiwe zima sm 9 x 6 x 4, gramu 310. Kristali 7 za kwatzi, ndefu kuliko zote sm 3.1, wazi nusu ya juu, ukungu chini, michirizi ya kulala. Ncha 5 nzima, 1 imelika, 1 imegundishwa kwa supaglu. Pairaiti mchemraba mm 2 hadi 4, zimeota JUU ya kwatzi, kwa hiyo zilikuja baadaye. Kutu chini haijaoshwa."

Ile "juu ya" usiipuuze, ndo historia ya jiwe, nani alitangulia nani akafuata.

Ukikwama kabisa, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma na ina maabara, peleka kipande kilichovunjika, sampuli nzuri ibaki nyumbani.

Hatua ya 8: Kuhifadhi

Boksi lenye mfuniko, kila jiwe chumba chake, giza, pakavu. Ukiwa na vijiwe vya Kilima cha Panda, ule mwamba wa moto uliojaa kalisaiti, humo kuna paiklori inayobeba niobiamu na mara nyingi paiklori ina yureniamu au thoriamu kidogo, vitu vyenye mionzi, weka stoo yenye hewa, chini ya kitanda cha watoto hapana.

Pairaiti ndo inayotaka macho, hasa kwa watu wa Kyela na Tukuyu mnaoishi na unyevu mwaka mzima. Ikipata unyevu inaanza kuoza, inatoa unga mweupe au wa njano na asidi ya salfa. Weka vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na kila mwezi wakati wa masika fungua unuse, ukisikia harufu ya kiberiti itoe, itenge na wenzake, na lebo yake iandike upya siku hiyohiyo, maana ile asidi inaanza na karatasi.